Meza, orodha, simu au mkoba: namna nne za kulisha familia Disney World

Familia nyingi zinazokwenda Walt Disney World, kule Florida, hupanga tiketi, hoteli na michezo kwa makini, kisha suala la chakula likaachwa lijipange lenyewe. Halijipangi. Ikifika saa saba mchana jua ni kali, mtoto wa miaka minne analia, bibi aliyekuja kuwatembelea wajukuu anatafuta pa kukaa, na kila mgahawa wenye kiyoyozi una kundi la watu mlangoni.

Kusubiri hapo hakukwepeki. Unachochagua ni usubiri lini: miezi miwili kabla, ukiwa nyumbani na simu mkononi, siku yenyewe, ukiwa umesimama, au usiku wa kuamkia siku hiyo, ukifungasha chapati jikoni. Kila njia ina bei yake, na familia mbili zenye watoto wa umri mmoja zinaweza kuchagua tofauti na zote zikawa sahihi.

Nazungumzia bustani nne za burudani za Disney zilizo karibu na Orlando: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Bustani nyingine, hata zile za jirani, zina kanuni zao. Saa zote nimeziandika kwa Kiswahili, yaani saa 6 mchana ni jua la utosi.

Vipimo vyangu

Nimetazama kila njia kwa mambo manne. La kwanza ni muda, na hapo nahesabu ule wa kabla ya safari pamoja na ule wa siku yenyewe, kwa sababu watu husahau ule wa kwanza. La pili ni pesa, pamoja na kodi na bakshishi ambazo hazionekani kwenye menyu. La tatu ni hali ya watoto na wazee: kiti, kivuli, kiyoyozi, mahali pa kuegesha kigari cha mtoto. La nne ni chakula chenyewe, hasa kwa anayekula halali, asiyekula nyama, au mwenye mtoto ambaye karanga zinaweza kumpeleka hospitali.

Ladha sikuipa kipimo chake. Mtoto aliyeshiba na kupumzika haulizi mchuzi ulikolea namna gani.

Kuweka meza mapema

Hii ni migahawa yenye wahudumu, ambako unakaa, unaletewa menyu au unajipakulia kwenye bafe.

Muda. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Aliyepanga kulala katika hoteli za Disney zenyewe ana upendeleo: siku 60 kabla ya kuingia hotelini anaweza kuweka meza za siku zote atakazokaa, hadi siku 10. Maana yake ni kwamba meza ya siku yake ya tano anaipata siku nne kabla yako wewe unayelala hoteli ya nje. Wanaoujua mchezo huu huweka meza inayogombewa mwishoni mwa safari, si mwanzoni. Na anayelala nje asikate tamaa. Ajue tu kwamba kwa meza zinazogombewa sana anaanza mbio akiwa nyuma.

Mtandaoni meza huanza kupatikana alfajiri, kama saa 12 asubuhi ya Florida. Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hiyo ni saa 7 mchana wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa 8 mchana wakati wa baridi yao. Muscat na Dubai ongeza saa moja. Kama mnasafiri pamoja na ndugu wa nyumbani, mwachieni yeye kazi hiyo aifanye wakati wa chakula chake cha mchana, nanyi mlale.

Siku yenyewe bado kuna kusubiri kidogo. Kuweka nafasi hakumaanishi kwamba kuna meza tupu yenye jina lako tangu asubuhi. Kunakupa haki ya kutangulia pindi meza inapopatikana. Unajiandikisha umefika, unasubiri dakika kadhaa, unaitwa. Mlo wenyewe huchukua saa nzima au zaidi. Kwa anayetaka kucheza kila mchezo hiyo ni hasara. Kwa mwenye miguu inayouma ndiyo faida yenyewe.

Pesa. Hapa ndipo panapouma. Bafe na milo yenye wahusika wa katuni za Disney wanaokuja mezani hutozwa kwa kichwa, na kwa mtu mzima bei hupita dola 50 bila shida, kabla ya kodi. Watoto wa miaka 3 hadi 9 wana bei yao ndogo. Mwenye miaka 10 anahesabiwa mtu mzima hata kama anakula kama ndege. Chini ya miaka 3 kwenye bafe hula bure. Kodi ya mauzo katika wilaya hiyo ni asilimia 6.5, na kundi la watu sita au zaidi huongezewa bakshishi ya asilimia 18 moja kwa moja. Kwa hiyo bili ya dola 300 inakuwa dola 373 na nusu. Familia zetu za baba, mama, watoto watatu, bibi na shangazi huangukia hapo kila mara, basi soma bili kabla hujaongeza bakshishi mara ya pili.

Usipotokea unatozwa dola 10 kwa kila mtu aliyeandikwa, kupitia kadi ya benki uliyoiweka. Migahawa mingi inakuruhusu kufuta bila faini mradi yabaki masaa mawili au zaidi. Baadhi ya maonyesho ya jukwaani yenye mlo, yanayolipiwa kabla, yana masharti makali zaidi.

Watoto na wazee. Hakuna njia inayoishinda hii kwa starehe. Kuna kiti cha mtoto, kiyoyozi, choo karibu, na mtu mwingine anayebeba sahani. Halafu kuna ile milo ya wahusika, ambapo Mickey na wenzake hupita meza hadi meza. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita hicho ndicho unachokinunua. Chakula ni nyongeza. Picha ambayo ingewagharimu foleni nyingine nje mnaipata mkiwa mmekaa. Chef Mickey's iko katika hoteli ya Contemporary, Garden Grill iko EPCOT na sakafu yake huzunguka polepole mkiwa mnakula, na Tusker House iko Animal Kingdom, katika mji wa kubuni unaoitwa Harambe ambao wabunifu wake waliuchotea sura Lamu. Bibi atasoma mabango ya Kiswahili ukutani na kuuliza nani aliyaandika.

Zingatia kwamba milo ya asubuhi ya wahusika kwa kawaida ni nafuu kuliko ya jioni, na wahusika mara nyingi ni walewale. Kuchukua nafasi ya mwishomwisho ya asubuhi, mkala mkashiba, kunaweza kufuta kabisa hesabu ya chakula cha mchana.

Chakula. Unapoweka nafasi unaandika mzio au mahitaji yenu, na mkifika mhudumu atalizungumzia. Ukihitaji, mpishi mwenyewe atakuja mezani. Kwa halali, andika na uulize kabla ya safari. Usichukulie nyama ya kawaida ya menyu kuwa imechinjwa kwa utaratibu, na kumbuka asubuhi ya Kimarekani imejaa nyama ya nguruwe. Alama ya jani kwenye menyu inaonyesha chakula cha mimea pekee, msaada mkubwa kwa Waislamu na kwa Wasabato wasiokula nyama.

Inawafaa wenye watoto wadogo wanaowapenda wahusika, wenye wazee, wenye mzio mkali, na wale ambao ratiba haiwachoshi. Haiwafai wanaoamka na kuamua papo hapo waende bustani gani.

Kujiandikisha kwenye orodha siku hiyohiyo

Migahawa hiyohiyo ya wahudumu, ila umekuja bila nafasi. Kwenye programu ya simu ya My Disney Experience baadhi ya migahawa hufungua orodha ya kusubiri kwa walio karibu. Mingine ukienda mlangoni watakuambia kama kuna nafasi.

Muda. Maandalizi ni sifuri, na hilo ni jambo kubwa. Siku yenyewe ni bahati nasibu. Wanakupa makadirio, unaendelea na shughuli zako karibu na hapo, kisha ujumbe unakuja kwamba meza iko tayari na ufike upesi. Ukiwa umeingia kwenye foleni ya mchezo, unalazimika kuchagua kimoja. Wakati mwingine orodha imefungwa kabisa.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda kuliko orodha yenyewe. Kwa kuwa watu wanaweza kufuta nafasi zao hadi masaa mawili kabla, meza hurudi sokoni kwa wingi siku moja kabla na asubuhi ya siku yenyewe. Anayefungua simu usiku akiwa kitandani, kisha tena wakati wa chai, mara nyingi hupata kitu. Pengine si meza aliyoiota, na saa inaweza kuwa ya ajabu kama saa 9 na nusu alasiri, lakini saa ya ajabu kwa mwenye watoto si mbaya hata kidogo.

Pesa. Bei ni ileile ya meza, isipokuwa hofu ya faini haipo. Jihadhari na jambo moja: njaa na uchovu humfanya mtu akubali mgahawa ambao bei yake angeikataa akiwa ametulia nyumbani.

Watoto na wazee. Ukipata meza, starehe ni ileile. Kabla ya kupata, mnazurura. Watu wawili au watatu huingizwa upesi kuliko kundi la watu wanane, kwa sababu meza kubwa ni chache. Kundi kubwa linaweza kukubali kugawanywa meza mbili. Watoto wakubwa wa binamu mmoja na mwingine hulifurahia hilo kuliko wazazi wao.

Chakula. Mzio utasemwa mezani na utashughulikiwa. Ombi la halali lililohitaji kuandaliwa mapema ndilo linaloweza kukosa majibu.

Inawafaa wapenzi wawili, mzazi mmoja na mtoto mkubwa, familia iliyokuja miezi isiyo na watu wengi, na yeyote ambaye akikosa hatanuna. Kwa mtoto ambaye njaa humgeuza dakika kumi tu, singeiegemea kama mpango pekee.

Kuagiza kwa simu

Hii ni migahawa ya kaunta: baga, kuku, mabakuli ya wali na nyama, saladi, chipsi. Huduma ya kuagiza kwa simu ilianza hapo mwaka 2017, Satu'li Canteen ya Animal Kingdom ikiwa ya kwanza, na sasa ndiyo njia ya kawaida.

Muda. Unachagua chakula, unachagua kipindi cha kufika, unalipa kwa kadi. Ukikaribia unabonyeza kwamba umefika na jikoni wanaanza kuandaa. Wengi hukosea kwa kufungua programu wakiwa tayari na njaa, saa 6 na nusu mchana, wakakuta kipindi cha karibu zaidi ni saa 8. Agiza asubuhi, mkiwa kwenye foleni ya mchezo wa kwanza. Mpaka ubonyeze kwamba umefika, jikoni hawajaanza, kwa hiyo mipango ikibadilika unaweza kusogeza au kufuta.

Pesa. Mlo wa mtu mzima ni takribani dola 12 hadi 18, wa mtoto pungufu ya hapo, na hakuna bakshishi ya lazima. Hakuna anayekuuliza umri wa mtoto. Kijana wa miaka 11 mwenye tumbo dogo anaweza kula sahani ya mtoto. Watoto wawili wanaweza kugawana sahani moja ya mtu mzima. Maji ya baridi yenye barafu kwenye kikombe hutolewa bure kaunta zinazouza vinywaji vya bomba, na kwa familia ya watu sita siku nzima chini ya jua la Florida, hiyo si akiba ndogo.

Watoto na wazee. Chakula kimeagizwa, kiti hakijaagizwa. Hilo ndilo tundu la njia hii. Mtu mzima mmoja lazima atangulie kutafuta meza huku mwingine akisubiri trei, na mzazi aliye peke yake na watoto wawili atafanya yote mawili kwa mikono miwili. Baadhi ya migahawa huweka mfanyakazi mlangoni anayewaruhusu kuingia wale tu ambao chakula kiko tayari, ili meza zisikaliwe na wasiokula. Magic Kingdom, ghorofa ya juu ya Columbia Harbour House mara nyingi huwa tulivu kuliko ya chini, ila kuna ngazi, basi mwenye kigari au magoti mabovu aulize kwanza.

Chakula. Programu huonyesha orodha ya vyakula salama kwa mizio mbalimbali, na unasoma bila kumkimbiza mtu. Kwa mzio wa hatari, ongea na mfanyakazi hata hivyo. Samaki, mboga na vyenye alama ya jani hupatikana karibu kila bustani; halali iliyothibitishwa ni ya kuulizia mahali kwa mahali.

Inawafaa familia zenye watoto wa shule wanaotaka kurudi michezoni upesi, zenye bajeti ya kati, na zenye watu wazima wawili. Lazima simu iwe na chaji. Intaneti ya bure ipo bustanini kwa wageni wasio na laini ya Marekani, lakini chaja ya kubeba haina mbadala.

Kubeba chakula chenu

Watu wengi hawaamini mpaka waone: Disney World inaruhusu kuingia na chakula na vinywaji visivyo na kilevi. Masharti ni machache. Chupa za glasi haziruhusiwi (vichupa vidogo vya chakula cha mtoto vinaachiwa), barafu ya vipande hairuhusiwi, na boksi la baridi lisizidi takribani sentimeta 61 kwa 38 kwa 46. Chakula kisiwe cha kuhitaji kupashwa moto wala chenye harufu kali. Kwa maneno mengine, papa mkavu abaki nyumbani.

Muda. Saa nzima ya maandalizi usiku, na ukaguzi wa mikoba mlangoni asubuhi. Baada ya hapo mnakula wakati wowote, hata ndani ya foleni, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mtoto mdogo uhuru huo unazidi thamani ya mgahawa wowote.

Pesa. Hakuna mshindani. Mkate, matunda, mayai ya kuchemsha na juisi za dukani kwa siku nzima vinaweza kugharimu sawa na milo michache ya kaunta. Hesabu lakini gharama ya kufika dukani kama hamna gari, au ya kuletewa hotelini.

Watoto na wazee. Mnakaa kwenye benchi, na benchi zenye kivuli ni za kugombea. Mvua za radi za alasiri, ambazo miezi ya kiangazi ni za karibu kila siku, zinaweza kuwakuta na chapati mkononi. Na kuna mzigo: mtu mmoja atabeba mkoba huo mpaka jioni, isipokuwa mkodi kabati. Kwa wenye watoto wachanga, kila bustani ina kituo cha kuwahudumia, chenye viti vya kulishia na mahali pa kunyonyeshea na kubadilishia nepi, na huko mzazi anaweza kupasha chakula cha mtoto.

Chakula. Mnajua kilichomo, kilichinjwa wapi na kilipikwa na nani. Kwa halali na kwa mzio mkali hakuna uhakika mkubwa kuliko huo. Tatizo ni joto. Ushauri wa usalama wa chakula Marekani ni kwamba chakula kinachoharibika kisikae nje ya ubaridi zaidi ya masaa mawili, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32 kisizidi saa moja. Florida huvuka nyuzi hizo miezi mingi. Pilau ya nyama na sambusa za kima ziache; chapati, mandazi, njugu, ndizi, tufaha na mkate wenye siagi ya karanga huvumilia. Gandisha chupa za maji usiku: zinapooza mkoba asubuhi na kunyweka mchana.

Inawafaa familia kubwa, wenye bajeti ya kubana, wenye masharti ya dini au afya yasiyo na mjadala, na wenye mtoto anayekula vitu vitatu tu duniani. Haimfai aliyekuja kupumzika na jiko.

Saa ya kula hubadilisha kila kitu

Njia yoyote utakayoshika, msongamano wa mchana huanza kama saa 6 na kwenda hadi saa 7 na nusu, na wa jioni kati ya saa 12 na saa 1 na nusu. Familia inayokula saa 5 asubuhi na saa 10 jioni hukutana na migahawa mingine kabisa. Mvua ikianza wote hukimbilia ndani, kwa hiyo wingu likijikusanya ndio wakati wa kuagiza.

Kulingana na hali yenu

Mna siku moja tu, na tiketi zimewamaliza: agizeni kwa simu mlo mmoja, mengine yawe mkobani. Kukaa mezani saa nzima na nusu kwa siku ya pekee ni ghali kwa muda hata kabla ya bili.

Mna siku nne au zaidi na watoto wa chini ya miaka sita: mlo mmoja wa wahusika kwa safari nzima unatosha, asubuhi, uliowekwa mapema. Siku zilizobaki kaunta na vitafunio.

Bibi au babu amesafiri kutoka nyumbani: wekeni meza ya mchana kila siku ya bustani, hata kama si ya mgahawa wenye jina. Anayetaka jioni tulivu aangalie Boma au Sanaa katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Huko hakuhitaji tiketi ya bustani, na kutoka Sanaa twiga huonekana wakipita kama bado kuna mwanga. Boma ni bafe, Sanaa ni menyu.

Mnakula halali na hamkubaliani na kubahatisha: mkoba uwe msingi, kisha ulizeni kwa maandishi mgahawa mmoja au miwili kabla ya safari mpate angalau mlo mmoja wa moto mezani.

Mko kumi na wawili, ndugu na binamu: msitafute meza ya kumi na wawili. Tafuteni mbili za sita saa ileile, na kumbukeni kwamba bakshishi ya asilimia 18 itakuwa imeshaingia kwenye kila bili.

Mzazi mmoja na watoto wawili wadogo: trei ya kaunta ni adha mkiwa peke yenu wakati wa msongamano. Kama pesa inaruhusu, meza ya saa 5 asubuhi. Kama hairuhusu, mkoba na kaunta saa 9 alasiri, viti vikiwa vitupu.

Mmesahau kupanga na safari ni kesho: usiku huu fungueni programu muone zilizofutwa, kesho asubuhi mrudie, na kabla ya kuingia mchezo wa kwanza agizeni chakula cha mchana cha kaunta kama akiba. Meza ikipatikana, futeni oda hiyo kabla hamjabonyeza kwamba mmefika.